Sufuria iliyorudi tupu

Mtaani kwetu Tabata sufuria ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa mboga, siku ya kurudisha chombo unatia humo chochote: vitumbua viwili, kipande cha papai, hata pakiti ya chumvi kama siku ni ngumu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Juma Kuu, Aprili 2023, Mama Salma alipomtuma mtoto wake mdogo aniletee sufuria yangu imesuguliwa hadi inang'aa, haina kitu ndani, na mtoto akageuka bila hata "mama anakusalimia", sikuhitaji kuelezwa. Niliishika pale mlangoni mpaka mume wangu akauliza kama nimesahau njia ya jikoni.

Naandika haya kwa Wakristo wenzangu wanaotaka kumtendea jirani jambo jema na hawajui waanzie wapi. Mimi nilijua pa kuanzia, ila nilianzia pabaya.

Baba Salma ni fundi seremala, kazi yake iko Keko. Katikati ya Februari mwaka ule, jioni, akivuka barabara kurudi nyumbani, aligongwa na bodaboda ambayo haikusimama. Mfupa wa paja ukavunjika. Alilazwa hospitali ya serikali mjini, mguu umefungwa uzito unaning'inia mwisho wa kitanda, akingoja zamu ya kupasuliwa na kuwekewa chuma. Mama Salma anauza vitumbua asubuhi, ana watoto watatu, mkubwa, Salma, alikuwa Kidato cha Nne. Chumba chao na chetu vinatenganishwa na kamba ya kuanikia nguo.

Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 22 Februari. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo. Tangu ule Mwaka wa Huruma wa Papa Fransisko, ulioanza Desemba 2015 ukafungwa Novemba 2016, jumuiya yetu inayasema kwa kichwa matendo saba ya huruma ya kimwili na saba ya kiroho, kama watoto wa shule na jedwali la kuzidisha. Kutembelea wagonjwa limo. Nilirudi kutoka kanisani na majivu kwenye paji, nikamwona Mama Salma anatoka na chupa ya chai kwapani, nikasema moyoni: Bwana amenipa wa kwangu wa Kwaresima hii. Wa kwangu! Ningelishtukia neno hilo siku ile ile, ningeokoa mengi.

Nikamfuata pale pale getini. "Mama Salma, usihangaike. Mimi nipo. Chochote kile, mimi nipo." Akasema ahsante, akataka kuondoka. Mimi nikaendelea. Nikasema uji wa asubuhi wa mgonjwa niachie mimi, kwa kuwa napita mjini kila siku kwenda dukani Kariakoo, wewe baki na vitumbua vyako usipoteze wateja. Nikasema tuisheni ya Salma niachie mimi. Akaniuliza taratibu, "Kila siku, jirani?" Nikamwambia kila siku. Wala sikuwa nimeulizana na mume wangu, wala sikuwa nimepiga hesabu ya nauli.

Wiki mbili za kwanza niliruka kama ndege. Saa kumi alfajiri niko macho, nakoroga uji wa ulezi, natia kwenye chupa, napanda daladala ya Kariakoo kupitia Buguruni nikiwa nimeikumbatia chupa kama kichanga, nashuka, nakwenda wodini, namkabidhi Baba Salma, namwombea kimoyomoyo, kisha natembea kwa miguu hadi dukani. Nilijiona mwepesi. Nilikuwa hata nasimulia kwenye jumuiya, eti kwa ajili ya kuwatia wenzangu moyo.

Wiki ya tatu mvua za masika zikaanza. Anayeijua Dar anajua mvua ikinyesha alfajiri foleni inakuwaje. Nikachelewa dukani mara ya kwanza, nikachelewa mara ya pili, bosi akanikata mshahara. Mwanangu Eliza akaanza kwenda shule bila kunywa chai, kwa sababu uji wa mgonjwa ulikuwa unapikwa na chai ya nyumbani inasahaulika. Halafu asubuhi moja sikuamka. Niliisikia alarumu, nikaizima. Mama Salma akapiga simu saa mbili. Nikamwambia, "Niko kwenye foleni, Buguruni hapa pamefunga." Nilikuwa nimelala kwenye kochi, khanga usoni.

Siku ile nilijisamehe haraka. Nilichokuja kukijua baadaye kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha pili ni kwamba Baba Salma alikaa bila kitu tumboni mpaka saa saba mchana, akimeza dawa na maji, akiwaambia wenzake, "Jirani yangu anakuja, ni mtu wa kanisa huyo." Mama Salma hakuwa amepeleka chochote kwa sababu mimi nilimwambia asipeleke. Kama nisingejitolea kabisa, yule bwana angekula. Hili ndilo lililonichoma kuliko mengine yote, na ndilo ninalotaka mtu asiyeelewa alisome mara mbili: ahadi yako inafunga milango mingine ya msaada. Mtu akishakutegemea wewe, haombi kwingine. Bora useme "nitaleta Jumanne na Ijumaa" na uzilete hizo mbili mpaka mwisho.

Kuna la fedha pia. Nilitoa shilingi 150,000 kwenye kikoba changu bila kumwambia Baba Eliza, nikaenda kulipa sehemu ya bili ya hospitali. Alipogundua, hakufoka. Aliniuliza tu, "Uliahidi kwa mdomo wa nani?" Tukanuniana siku nne. Ukitaka kujua gharama yote, daftari langu linasema: hiyo ya kikoba, nauli, unga, maziwa na mkaa karibu 96,000, siku nilizokatwa kazini 45,000. Sizitaji kwa kujisifu. Nazitaja kwa sababu huruma ina bei, na bei hiyo hulipwa na watu wa nyumbani kwako pia, kwa hiyo wana haki ya kuulizwa kabla.

Kibaya zaidi, ile 150,000 niliilipa kwa pupa. Wifi yake Mama Salma alipofika kutoka Kilwa, mama wa makamo, mfupi, asiyecheka ovyo, swali lake la kwanza lilikuwa: "Ustawi wa jamii mmekwenda?" Hatukuwa tumekwenda. Hospitali za serikali zina maofisa wa ustawi wa jamii, na kwa familia isiyo na uwezo hapo ndipo pa kuanzia, kabla bili haijanenepa. Wifi alikwenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, akachukua barua ya utambulisho inayoeleza hali ya familia, akambana ofisa kwa adabu asubuhi tatu mfululizo, na sehemu ya bili ikasamehewa. Alikusanya risiti zote kwenye bahasha moja, ile karatasi ya polisi ya PF3 (kwa majeruhi wa ajali inahitajika, msiipoteze) akaitia nailoni. Mimi mwenye matendo kumi na manne kichwani sikujua hata mlango wa hiyo ofisi uko ghorofa ya ngapi.

Nilimwonea wivu. Ndiyo, wivu, kwa mgeni aliyelala sakafuni kwa watu akimuuguza kaka yake. Alipanga zamu: nani analeta maji ya kuoga, nani analala wodini, nani anabaki na watoto. Aliniangalia mimi akauliza, "Na wewe dada, unaweza nini, lini?" Nikajibu kwa unyenyekevu wangu wa kinafiki, "Chochote kile." Akasema, "Chochote sikiandiki."

Ramadhani ilianza tarehe 24 Machi, Kwaresima bado inaendelea. Sisi tunafunga, wao wanafunga. Ungedhani kipindi hicho kingetuleta karibu zaidi. Mimi, kwa kutaka kufidia uji niliouharibu, Jumamosi moja nikapika wali wa nazi na samaki, nikaupeleka wodini saa sita na nusu, nikamfunulia Mama Salma mbele ya watu: "Kula mama, utaanguka." Mgonjwa alikuwa na ruhusa ya kutofunga, yeye hakuwa na udhuru wowote. Akafunika sahani, akasema ataula baadaye, macho yake chini. Nimezaliwa Dar, nimekula futari za majirani tangu nikiwa mtoto, magimbi, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, na bado nilisahau. Nilikuwa naiangalia huruma yangu, sikuwa namwangalia yeye.

Ndipo likaja lile la kuimba. Upasuaji ulikuwa umekaribia, na hospitali iliwaomba ndugu wachangie damu. Hapa jumuiya yetu ilifanya la maana kweli: vijana wanne walikwenda wakachangia. Ukitaka kusaidia mgonjwa na huna hela, hilo ni moja ambalo halihitaji utajiri, mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Tungeishia hapo. Lakini nikasema, kwa kuwa tumeshafika, twende tukamwone. Tukaingia saa ya kuona wagonjwa, watu tisa, tukakizunguka kitanda, tukaimba beti mbili, mama mmoja akasali kwa sauti kwa jina la Yesu huku amemwekea mkono kwenye bega. Baba Salma hakusema kitu. Mwenye mguu unaning'inia angekwenda wapi? Na mimi katibu nikapiga picha, nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya na maneno "Tendo la huruma, mbarikiwe wote mlioshiriki." Jumamosi iliyofuata kwenye nia za maombi nikaongeza kwamba familia hiyo imefikia hatua ya kukosa kodi ya chumba, jambo ambalo Mama Salma aliniambia mimi peke yangu, usiku, pale kwenye kamba ya nguo.

Nikisema "tumwombee fulani", mara nyingi ni umbea uliovaa kanzu. Sijui mwenzangu, mimi ndivyo ilivyokuwa.

Ile picha ilitoka kundi letu ikaenda la kigango, ikaenda la kwaya, ikaenda ninakojua na nisikokujua. Siku tano baadaye ndugu yake Mama Salma anayekaa Buza akampigia: mbona mumeo yuko kwenye simu ya bosi wangu? Na kwenye picha, ukiangalia vizuri, chini ya kitanda mpira wa mkojo unaonekana na mfuko wake.

Sufuria ikarudi tupu.

Ijumaa Kuu sikuweza kusali. Jumatatu ya Pasaka nikiwa kwenye daladala, nimekwama, nikafungua Luka sura ya 10 kwenye simu. Habari za Msamaria mwema tumezihubiriwa mpaka tumezizoea, tunaruka moja kwa moja hadi "enenda ukafanye vivyo hivyo." Siku ile nikasoma kama mhasibu. Akamfunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni. Alilala hapo usiku mmoja. Kesho yake akatoa dinari mbili. Ukienda Mathayo 20, dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku, basi alitoa ujira wa siku mbili, na akaondoka zake. Aliondoka! Alikuwa na safari yake na akaendelea nayo. Ila kabla ya kuondoka alimkabidhi mtu kwa mwenye nyumba, kwa kiasi kinachojulikana, na neno linaloeleweka: gharama ikizidi, nikirudi nitakulipa. Hakumwambia yule majeruhi "chochote kile, mimi nipo". Wala hakuna mahali imeandikwa alimwuliza dini yake, au aliwaeleza watu wa Samaria alichofanya. Mwenye nyumba ya wageni hatajwi hata jina, lakini ndiye aliyemgeuza mgonjwa usiku. Nikamkumbuka wifi wa Kilwa na bahasha yake ya risiti.

Na Luka huyo huyo, mbele kidogo, sura ya 18, ana yule kipofu karibu na Yeriko. Mtu ni kipofu, anapiga kelele njiani, kila mtu anaona shida yake ni macho. Yesu anamwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Nilihesabu wiki zote zile, karibu saba, sikuwahi kumwuliza Mama Salma hivyo hata siku moja.

Nilikwenda jioni, baada ya futari, bila kubeba kitu. Hilo lilikuwa gumu, kwenda mikono mitupu. Nikamkuta uani anaosha mchele wa vitumbua, wifi yuko ndani anaswali. Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Nikamwambia kuhusu foleni ya Buguruni ambayo haikuwepo. Nikamwambia picha nimeifuta kwenye simu yangu na nimewaomba wa jumuiya wafute, ila ilikokwenda siwezi kuirudisha. Niseme tu kwamba niliandaa sababu njiani, na nilipofika nikaona zote zinanuka.

Akaendelea kuosha mchele. Halafu akasema, "Uji sikuukasirikia. Kila mtu huchoka. Ungeniambia umechoka, ningekubeba na wewe." Akamwaga maji. "Ila Baba Salma ni mtu wa haya. Hata mimi mkewe anajifunika nikimsafisha. Wewe umemwonyesha na mkojo wake."

Sikujibu. Nilikaa. Muadhini wa Ishaa akaita, mimi bado niko kwenye ndoo. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba wakiwa kimya, na walianza kuharibu pale walipofungua midomo; naona hilo wengi tunalipita.

Usiku ule nilikwenda pia kuomba radhi kwa Baba Salma? Hapana. Nilitaka, Mama Salma akanikataza. Akasema atakapokuwa anasimama kwa miguu yake ndipo uje, asikusamehe akiwa amelala. Nikangoja. Alitolewa hospitali siku chache kabla ya Idi, akatembelea magongo mpaka Agosti. Siku nilipokwenda, alinisikiliza akiwa amesimama kweli, ameegemea mlango, akasema, "Yamepita, Mama Eliza," na akabadilisha mazungumzo haraka kuliko nilivyopenda. Nadhani hayakuwa yamepita. Ana haki yake.

Tuliyobadilisha baada ya hapo ni machache. Kwenye jumuiya hatutaji shida ya mtu kwenye nia mpaka mwenyewe akubali, na tukishindwa kumpata tunasema "kwa nia ya jirani yetu", Mungu hana tatizo la anwani. Wodini tunakwenda wawili, hatuendi tisa, na simu zinabaki mfukoni. Kama mgonjwa si wa kanisa letu tunauliza kama angependa sala. Wengi hukubali, wengine husema "niombeeni mkifika kwenu", na tunafika kwetu tunaomba. Ukitaka kutoa ahadi, taja siku na mwisho wake. Tuisheni ya Salma niliisema upya: miezi mitatu, 30,000 kila mwezi, mpaka Juni, na Baba Eliza alikuwa amekaa pembeni nikisema. Ilipofika Julai niliacha, na hakuna aliyeshangaa. Salma mwenyewe akaniambia amepata rafiki wa kusoma naye bure.

Bado nakosea. Mwaka jana kuna mama wa jumuiya nilimpa ushauri kwa dakika arobaini wakati alihitaji nimshikie mtoto aende chooni.

Mei 2024 nilipasuliwa mimi. Uvimbe kwenye kizazi, kidonda cha tumbo, marufuku kuinama wala kubeba ndoo kwa wiki sita. Jumuiya walikuja, wawili wawili kama tulivyopatana. Siku ya nne nyumbani akaingia Mama Salma, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mitupu.

"Unataka nikufanyie nini?"

Nikasema hakuna, ahsante jirani, wewe kuja tu inatosha. Akanyamaza. Hakuondoka. Feni inazunguka, mimi naangalia dari. Kwenye kona palikuwa na beseni la nguo zangu tangu nitoke hospitali, khanga zenye madoa, nguo za ndani, vitu ambavyo sikutaka Eliza avione na mume wangu alivipita kila siku bila kujua aanzie wapi. Nilikuwa naviwaza usiku kucha.

"Nifulie," nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana. Nilitaka kulia kwa aibu.

Akabeba beseni, akarudishia mlango nyuma yake. Nilimsikia uani anamwambia mtu aliyekuwa anapita kwamba nguo zake za kufua leo zimerundikana. Alipomaliza alianika khanga kwa mbele, upande wa njia, na zile nyingine akazianika kwa nyuma, akazifunika na shuka lake mwenyewe.